Meza Iliyofukuzwa Chuo

Mimi si mtu wa kutoka. Wapo walioondoka Tanga wakafika Durban kwa sababu wana moyo wa safari. Mimi niliondoka kwa sababu binamu yangu alikwisha kunikatia tiketi na nikaona haya kukataa. Nilipofika nikatafuta kiti, nikakaa. Miaka ile ya mwisho wa tisini nilikuwa naishi ghorofa ya sita katika jengo moja refu pale South Beach, na duka langu la simu lilikuwa chini ya jengo hilohilo. Safari yangu ya kwenda kazini ilikuwa lifti. Lifti ikiharibika niliihesabu kuwa sikukuu ya taifa. Bahari ilikuwa ng'ambo ya barabara, na watu walikuwa wanasafiri usiku kucha kutoka Johannesburg kuja kuikanyaga. Mimi nilikuwa naiona kwa dirisha, nimevaa kikoi, na ilikuwa inanitosha kabisa.

Duka lenyewe lilikuwa vibanda vya mbao vilivyopangwa ukutani, na ndani ya kila kibanda mtu anayepiga kelele kuongea na Lubumbashi au Dar, kana kwamba haiamini ile waya na anataka sauti ifike yenyewe. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kikongo mwenye saluni, mwimbishaji wa kwaya kanisani kwao. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba, kwa hiyo alikuwa anachangia maongezi ya wateja wangu bila kuombwa. Mtu akimwambia mkewe Bukavu kwamba hela atatuma wiki ijayo, sauti ya ng'ambo ya ukuta inajibu, "Uongo!"

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, mwanafunzi wa uhasibu katika chuo kimoja cha hapohapo Durban. Jina la chuo silitaji. Watu wake bado wako hai, na wengine ni wanasheria. Mdogo wangu alikuwa na akili za darasani, jambo ambalo ukoo wetu uliliona la ajabu baada ya kunizoea mimi, niliyeishia kidato cha nne na kuridhika. Lakini akili hizo hazikuwa zinamfurahisha kama mpira wa meza.

Mpira wa meza nilimfundisha mimi. Nasema nilimfundisha kwa maana kwamba nilikuwa nimesimama upande wa pili. Nyumbani Tanga tulicheza kwenye meza ya kulia chakula, wavu ukiwa kanga iliyokunjwa na kubanwa na vikombe, na vibao vya kupigia vikiwa ndala. Alianza kunifunga akiwa bado hajafikia urefu wa kuona upande wangu vizuri. Tangu hapo nilistaafu mchezo kwa heshima, nikawa mshauri.

Chuoni alikuwa nahodha wa klabu ya wasichana. Klabu yenyewe ilikuwa wasichana wachache, ukumbi mdogo nyuma ya bwalo la chakula, na meza moja nzuri ya kijani ambayo chuo kiliinunua zamani kilipokuwa na hisia. Mdogo wangu alikuwa anaipenda meza ile kuliko baadhi ya ndugu zake, na ndugu zake wenyewe ni mimi peke yangu. Nilimuuliza siku moja ina nini hasa. Akaniambia, "Kaka, nikisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, mtu ananiita kwerekwere, tusi lao kwa wageni. Nikisimama kwenye foleni ya vibali napewa sura ya kwamba nimekuja kuiba foleni. Nikiingia mle ukumbini naulizwa kitu kimoja tu: nani anaanzisha?" Nikamwongezea chai.

Basi Jumamosi moja akaja dukani, kama kawaida yake, kula chakula changu juu ya kaunta. Hakula. Hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Kaka, wameanza kuwalipa."

"Kina nani?"

"Wa raga."

"Vizuri. Watoto wa watu wanakunjwa shingo kama kuku. Mimi hata unilipe sikunjwi."

"Hawaiti malipo. Wanaita posho ya lishe."

"Jina zuri. Hata mimi nina upungufu wa lishe. Kula pilau hiyo kabla haijapoa."

"Inatoka kwetu," akasema, akaisukuma sahani.

Akanieleza kwa utulivu wa mhasibu. Ofisi ya michezo ina mfuko mmoja. Raga inajaza uwanja, inaleta matangazo ya kwenye fulana, na siku hizi vijana wake wakinyimwa kitu wanachukuliwa na chuo kingine au na timu kubwa, kwa sababu raga imekuwa kazi kama kazi nyingine. Kwa hiyo lazima walishwe. Na kwa kuwa mfuko haukukua, ikabidi michezo isiyoleta kitu ipunguzwe. Wa kwanza kuondolewa walikuwa wale wa kupigana kwa vitara. Niliposikia hivyo nikajua mambo ni mazito, maana kama watu wenye panga mkononi wameshindwa kujitetea, wenye vibao vya ping-pong watafanya nini? Badminton ikafuata. Sasa zamu ilikuwa ya mpira wa meza, na ukumbi wao ulikuwa unatakiwa uwe chumba cha kunyanyulia vyuma.

"Mkurugenzi wa michezo ametuambia mchezo usiotazamwa na mtu si mchezo, ni tabia," akasema. "Atakuja kututazama tukicheza na chuo jirani. Akikuta watu, atatufikiria. Akikuta viti, basi."

"Sasa kwangu umefuata nini?"

"Watu."

"Mimi niwatoe wapi watu?"

"Kaka, nusu ya Waswahili wa Durban wanapita humu dukani."

"Wanapita kupiga simu. Hawapiti kunipenda."

Ukuta ukajibu, "Tutakuya!"

Na baada ya ukuta akaja mwenyewe, mama wa saluni, kitana mkononi, akiwa amemwacha mteja wake na nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama kama imeona simba.

"Papa, weye unaogopa nini? Mutoto anaomba batu, haombi figo."

"Mama, ni mpira wa meza."

"Juu ya meza? Banapanda na viatu?"

"Hawapandi. Mmoja huku, mmoja kule, na kimpira kidogo."

"Kadogo namna gani?"

Mdogo wangu akakitoa kwenye mfuko wa koti. Mama akakipokea, akakigeuza, akakitikisa sikioni kama anatafuta kilichomo.

"Na haka njo kanaleta matatizo yote?"

"Njo haka, mama," nikamjibu kwa lugha yake.

"Bale ba raga beko na mpira kubwa, banakula mayai. Huyu mutoto iko na ka-yai ka kuku mugonjwa, bananyanganya hata ka-meza. Haina haki. Nitaleta kwaya yote." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Na weye papa utakuya. Utavaa suruali."

Kuhusu mayai alikuwa hakosei. Tulikuwa tunaijua habari ya mayai kutoka kwa mhusika mwenyewe. Kijana mmoja wa raga, Mzulu kutoka bara huko, alikuwa anasoma darasa moja na mdogo wangu na alikuwa anakuja dukani kwangu kumpigia bibi yake. Alikuwa mpana kiasi kwamba mlango wa kibanda haukuweza kufungwa akiwa ndani, kwa hiyo bibi yake tulimjua wote. Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza, chake cha chuo na changu cha kidato cha nne, tukikutana mahali fulani katikati. "Eish, bhuti," alikuwa ananiambia, yaani kaka kwa Kizulu, "mayai asubuhi, mayai mchana. Nikilala naota natagwa." Na ile posho aliyopewa, sehemu kubwa alikuwa anaipeleka kwa bibi huyohuyo. Ningependa kusema nilimchukia, ingefanya hadithi yangu iwe nyepesi. Lakini kijana alikuwa anacheza na bega lililofungwa bandeji, mbele ya uwanja uliojaa watu waliolipa kiingilio, na mtu wa kwanza kupata riziki hapo hakuwa yeye. Alipwe. Nilichoshindwa kuelewa, kwa elimu yangu ndogo, ni kwa nini yai lake lazima litoke kwenye sahani ya mdogo wangu, wakati kulikuwa na watu wengi wenye tai ambao sahani zao hazikuguswa.

Siku ya mechi nilivaa suti. Sikujua watu wanavaa nini michezoni, nikaona bora nizidishe. Basi la kanisa lilitufikisha mpaka mlango wa ukumbi, na wakashuka: kwaya nzima ya Wakongo na vitambaa vyao vya kichwani, kisha watu wetu wa Tanga na Dar, wauza vinyago wa ufukweni, na mafundi wa saluni ya mama. Ukumbi ule haukuwahi kuona watu wengi hivyo tangu ulipojengwa, na nadhani rangi ya ukutani ilishtuka. Wasichana wa klabu walisimama mlangoni wakitutazama kama mvua. Mdogo wangu alikuja kunishika mkono.

"Umekuja kweli," akasema.

"Suti ilikuwa imekaa bure."

Mkurugenzi alikuwa kiti cha mbele, mtu wa makamo mwenye tai ya chuo na uso mkarimu, uso wa mtu anayekukaribisha huku ameshika ufunguo wa kukufungia nje. Alipouona umati aligeuka mara mbili. Alikuwa ameandaa uso wa kutazama viti, sasa ikabidi atafute uso mwingine.

Mchezo ukaanza, na tatizo la kwanza likajitokeza palepale. Mpira wa meza unatazamwa kimya. Refa, mzee wa Kihindi mwenye sauti ndogo, aliomba utulivu kwa adabu sana, na kwaya ikatii. Lakini ukimya wa kwaya ya Kikongo si ukimya wa kawaida. Ni ukimya wa sufuria la presha. Watu waliokuja kushangilia walikaa wamebana midomo, mabega yanatetemeka, na kila mpira ulipogonga meza kulitoka mlio mdogo puani mwa mtu. Mdogo wangu alipoteza seti ya kwanza. Nilimwona anatutazama kwa pembe ya jicho kama mtu anayepika huku amesikia harufu ya gesi.

Seti ya pili alipata mwendo. Kukatokea pigo moja refu, mpira unakwenda unarudi, huyu msichana wa chuo jirani naye alikuwa fundi, wanasogea nyuma, wanarudi, vichwa vyetu vinafuata kama vya watu wanaokataa kitu kwa pamoja. Mwishowe mdogo wangu akaupinda mpira kwa namna ambayo hata kwenye meza ya Tanga sikuwahi kuiona, ukagusa kona kabisa ukapotelea chini ya viti.

Sufuria likapasuka. Mama wa saluni alisimama na kigelegele kimoja kilichowaamsha watu wa maabara ng'ambo ya pili. Akaingiza mkono kifuani, akatoa noti, akaanza kuja.

Hapa nieleze kwa ajili ya wanaoishi maisha ya upweke. Watu wa Tanga na watu wa Lubumbashi hatukubaliani kwa mengi. Hatukubaliani jinsi ya kupika maharage wala jinsi ya kusema kwamba kitu kipo. Lakini mtu akiimba vizuri, au akicheza vizuri, sisi sote tunafanya jambo moja: tunainuka tulipokaa, tunamwendea kwa madaha, tunamtunza. Noti inashikwa kwa vidole viwili, inabandikwa kwenye paji la uso, na jasho lake mwenyewe ndilo gundi. Si mshahara, si sadaka, wala si hongo. Ni kumwambia kwamba umemwona. Hatukuwa tumekubaliana kufanya hivyo siku ile. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna mahali duniani pasipofanywa hivyo.

Mama alifika kwenye meza kwa hatua za kwaya, polepole, mkono mmoja kiunoni, akambandika mdogo wangu noti katikati ya paji. Nyuma yake nikaona foleni. Waimbaji wa sauti ya kwanza wote walikuwa wamesimama. Muuza vinyago mmoja wa Tanga alikuwa anacheza mabega kama yuko kwenye taarab ya shangazi yake. Na kwa kuwa si vizuri mgeni kuondoka na uso mtupu, msichana wa chuo jirani naye akabandikwa yake. Alisimama na noti juu ya pua, kibao mkononi, akitazama kocha wake amwambie kama hiyo ni pointi ya nani.

Refa alikuwa amesimama juu ya kiti chake. "Tafadhali," alikuwa anasema, "tafadhali, mpira bado uko hai," ingawa mpira ulikuwa chini ya kiti cha binamu wa mtu.

Mdogo wangu hakuibandua hata moja. Alijua sheria ya chuo, nahodha lazima aijue, na alijua macho ya mkurugenzi yako wapi. Lakini kuibandua noti ya mtu mbele yake ni kama kumrudishia sahani yake ya chakula. Alisimama, macho amefumba, akapokea mpaka wa mwisho. Mimi ndugu yake nilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi na suti yangu, sijainuka. Nikaona aibu kuliko nilivyoona aibu ya tiketi. Nikainuka. Nilicheza vibaya sana, kwa taarifa yenu, lakini nilifika.

Mchezo uliporudi, noti moja ilikataa kudondoka. Alicheza seti zote zilizobaki ikipepea juu ya jicho, na akashinda. Ushindi huo hamtaukuta popote, kwa sababu ulisimamishwa kabla hajanawa uso.

Kosa lilikuwa hili: chuo kilikuwa na kanuni ya zamani kwamba mchezaji wa klabu ya ridhaa hapokei fedha kwa ajili ya mchezo. Raga ilikwisha kutolewa kwenye kanuni hiyo, kwa heshima zote, ili iweze kula mayai. Ping-pong ilibaki ndani. Kwa hiyo klabu iliyokuwa ifungwe kwa sababu hailetei mtu fedha, sasa ilikuwa ifungwe kwa sababu imeletewa. Mdogo wangu aliitwa kwenye kikao kujibu, na akikutwa na hatia, yeye anaondolewa na meza inaondoka naye. Mimi na mama wa saluni tukaitwa kama watu wa upande wa watazamaji. Ikawa natoka nyumbani mara mbili katika mwezi mmoja. Mlinzi wa jengo aliniuliza kama nimefiwa.

Nje ya chumba cha kikao kulikuwa na benchi, na kwenye benchi vijana wa raga wakingoja kutia saini ya posho yao katika ofisi ya pili. Yule rafiki yetu wa mayai alikuwepo. Alipomwona mdogo wangu alisimama, akakaa tena, na benchi likalia.

Ndani walikuwa mkurugenzi, karani, na profesa mmoja mwanamke mwenye miwani kwenye kamba, ambaye ilionekana ameletwa ili kikao kiwe na mtu. Mkurugenzi akaniuliza mimi, kwa upole, zile fedha zilikuwa za nini.

"Za kumtunza, bwana."

"Yaani za kumlipa."

"Hapana, bwana. Akilipwa mtu anauliza ngapi. Pale hakuna aliyeuliza."

"Zilikuwa kiasi gani?"

"Hatuhesabu mbele za watu, bwana. Si adabu."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akatoa hotuba. Nitakuwa mtu wa haki: ilikuwa hotuba nzuri. Alisema michezo midogo ndiyo roho ya chuo. Alisema kuna usafi katika mchezo unaochezwa kwa mapenzi tu, asubuhi na mapema, bila kupigiwa makofi na bila senti, na kwamba fedha ikigusa usafi huo, inauchafua, na ni wajibu wake kuulinda. Kupitia mlangoni tulisikia ofisi ya pili ikiita jina la mtu wa raga aje asaini.

Mdogo wangu alikuwa anamtafsiria mama kwa kunong'ona. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kichwa kinakubali. Hotuba ilipokwisha akashusha pumzi.

"Huyu papa anasema muzuri," akasema kwa sauti.

Akasimama. Nilijua. Mdogo wangu alijua. Nikamshika kitenge, kikaniponyoka. Mkono ukaingia kifuani, noti ikatoka, na mama akaizunguka meza ya kikao kwa hatua zilezile za kwaya, polepole, akiimba kidogo kwa ndani, akambandika mkurugenzi noti katikati ya paji la uso. Ilikuwa Februari, feni ilikuwa imekufa, na kila mtu chumbani alikuwa amelowa. Noti ikashika vizuri sana.

Mpaka leo sijui kama alimsifu au alimsuta. Nilipomuuliza aliniambia, "Vyote mbili, papa."

Karani aliinamia karatasi zake. Mkurugenzi alibaki ametulia, kama mtu aliyetuliwa na nyuki. Profesa alivua miwani, akaifuta, mabega yanatikisika.

"Naona na wewe umepokea fedha kwa ajili ya mpira wa meza," akamwambia. "Tukuondoe?"

Shauri likaishia hapo. Mdogo wangu akapewa onyo kwamba asitunzwe tena mpira ukiwa hai. Mama akaniuliza hilo onyo lina maana gani, nikamwambia asubiri mpaka refa ashuke kwenye kiti. Akasema hiyo inaeleweka, ilikuwa waseme mapema.

Tulikuwa tunacheka kwenye korido, mdogo wangu kuliko sote, mkurugenzi alipotufuata. Alikuwa ameibandua noti na anataka kuirudisha kwa mwenyewe.

"Hapana, papa," mama akasema, mikono nyuma. "Ya paji hairudiake."

Akaitia mfukoni, kwa kuwa hakuwa na pengine. Kisha akamgeukia mdogo wangu, na kwa ule uso wake mkarimu akamwambia amefurahi kwamba jina lake limesafishwa, ila ajue kuhusu ukumbi. Vyuma vilikuwa vimeshaagizwa. Vilikuwa vimeagizwa tangu kabla ya mechi.

Mdogo wangu akauliza, "Kwa hiyo watu wale wote niliowaleta?"

"Nilifurahi sana kuwaona," akasema mkurugenzi. Na nadhani alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililoniuma.

Nilimwona mdogo wangu akitafuta mahali pa kuweka macho. Watu wa raga walikuwa wanatoka ofisi ya pili mmojammoja, wanatupita kwa unyenyekevu na vifua vyao.

"Na meza?" akauliza.

"Itawekwa stoo."

"Stoo gani?"

Mkurugenzi akafikiri. Hakujua stoo gani. Akapapasa mfuko wenye noti, sijui kwa mawazo au kwa dhamiri, akasema kwamba kama tuna mahali pa kuiweka, tuichukue.

Mdogo wangu akanigeukia. Mimi nikatazama dari. Ilikuwa dari nzuri.

"Kwangu hakuna nafasi," nikasema.

"Iko," akasema mama. "Iko nafasi mingi. Anaikala peke yake kama askofu."

Iliingia kwangu Jumamosi iliyofuata, na lifti, kwa uaminifu wake, ilikuwa imeharibika. Waliobeba ni yule rafiki yetu na wenzake wawili wa raga, waliojitolea bila kuombwa. Nilisimama ngazini nikaitazama posho ya lishe ya chuo ikipanda mpaka ghorofa ya sita na meza kichwani. Kwa mara ya kwanza mpira wa meza ukawa umepata faida yake katika yale mayai. "Sharp, bhuti," akaniambia akiwa hata hahemi, "tuiweke wapi?" Nikamwonyesha sebule. Kochi langu likaenda chumbani, kiti changu cha dirishani kikaenda jikoni, na bahari sikuiona tena mpaka mdogo wangu alipohitimu.

Jioni ileile rafiki yetu akaomba ajaribu. Mdogo wangu akamfunga. Akaomba tena, akafungwa tena. Akavua koti. Jirani wa chini akagonga dari yake kwa mti wa ufagio, na mama wa saluni, aliyekuja kukagua kama nafasi iko kweli, akamjibu kwa kisigino. Wasichana wa klabu walikuwa wamekaa sakafuni wamepanga zamu, wakiulizana nani anaanzisha.

Mimi nilikuwa na njaa. Meza yangu ya kulia ilikuwa imeondolewa kupisha hii, kwa hiyo nikaweka sahani yangu kwenye ukingo wa kijani, karibu na wavu, mahali nilipodhani ni salama. Mpira ukaja umepindwa, ukatua katikati ya mchuzi.

"Pointi yangu," akasema mdogo wangu. "Sahani iko juu ya meza."

Rafiki yetu akanitazama mimi, mshauri, nitoe uamuzi. Nikautoa mpira, nikaulamba, nikaurudisha kwa nahodha.